Oili na mionzi: tunajibu maswali yenu

Oili ninayoagiza hupita kwenye skana ya eksirei bandarini. Haiharibiki?

Hapana, uza bila wasiwasi. Mionzi inayofyonzwa na kitu hupimwa kwa grei. Grei 4 hadi 5 mwili mzima, bila tiba, zaweza kumuua mtu; oili ya kawaida hustahimili maelfu kwa maelfu. Skana huacha sehemu ndogo mno ya grei moja.

Ndani ya kinu cha nyuklia huharibikaje?

Mionzi ya gama na chembe za nyutroni hukata vifungo vya kaboni na haidrojeni. Vipande vilivyokatika huungana ovyo vikawa molekuli kubwa, oili ikawa nzito (yaani ngumu kutiririka), ikatoa gesi ya haidrojeni na methani, na ikaanza kushika moto kwa joto la chini kuliko zamani. Oili kama 15W-40 ina polima, yaani molekuli ndefu, za kulinda uzito wake dhidi ya joto, na mara nyingi hizo ndizo hukatika kwanza. Basi oili huwa nyepesi kabla ya kuwa nzito. Fundi akipima uzito peke yake, anaweza kukuta umerudi palepale ulipoanzia, akaipitisha oili iliyokwisha kuchakaa. Ndugu zangu mafundi, pimeni pia asidi na joto la kuwaka!

Na grisi?

Sabuni inayoshikilia oili huvunjika, grisi ikatiririka nje ya beringi. Mionzi ikizidi, kinachobaki huganda kama lami.

Ipi inahimili zaidi?

Polifenili etha. Molekuli zake ni duara za benzeni zilizoungana, na duara hizo husambaza nishati ya mionzi bila kukatika kirahisi. Bei yake ni kubwa, lakini karibu na kiini cha kinu sioni sababu ya kubana matumizi. Pasipofaa oili kabisa, tumia molibdeni disalfaidi, unga mkavu wa kulainisha. Tefloni iepukeni: joto na kemikali inavishinda, ila grei elfu chache tu zinaweza kuifanya imeguke.

Oili iliyopigwa mionzi nayo hutoa mionzi?

Ya gama, hapana. Nyutroni ni habari nyingine: zinki iliyomo kwenye viongezi hugeuka zinki-65, ambayo hupungua nusu kila baada ya siku 244. Oili pia yaweza kubeba vumbi lenye mionzi kutoka kwenye mtambo, kwa hiyo hupimwa kabla ya kutolewa nje.