Fundi tuambie: Nifunge rejeta ya oili au niache?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina pikipiki ya sisi 150, injini ya kupozwa na upepo, na kazi yake kubwa ni mizigo. Kuna mlima mrefu naupanda karibu kila siku, sasa jua likiwa kali nikifika juu injini inatoa joto mpaka mguu unaungua, nguvu inapungua na nyutro inakuwa ngumu kupatikana. Mwenzangu kafunga oili kula kwenye yake anasema injini imetulia kabisa, mwingine ananicheka anasema yale ni mapambo. Nitoe hela au niache?
Msomaji wa mlimani

JIBU: Salama kaka, pole na huo mlima. Kwanza hilo jina linanichekesha kila nikilisikia, maana oili kula inasikika kama injini inayokula oili, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa 😄 mimi nitaiita rejeta tu, yaani kile kifaa kinachofungwa kwenye upepo ili oili ipite humo ipoe.

Wote wawili wana ukweli kidogo. Ila nikuulize, joto la oili umelipima au umepima kwa mguu? Kwa sababu injini ya upepo kuunguza mguu ni kawaida yake, joto lazima litokee pembeni, lingebaki ndani ndo ungekuwa na shida. Kuna vipimajoto vidogo vinafungwa pale kwenye kifuniko cha kujazia oili, tafuta kimoja, panda mlima wako na mzigo wako ule ule ukasome. Ukikuta nyuzi 90 mpaka 110 za Selsiasi oili iko sawa, wala usihangaike. Ikiwa inapita 130 kila safari, hapo oili inachoka haraka, inakuwa nyepesi na haishiki vizuri kwenye vyuma, na hapo ndo tunaanza kuongea habari za rejeta.

Lakini hata hapo tunaanza kuongea tu, hatufungi bado. Juzi juzi nililetewa pikipiki yenye malalamiko kama yako, nikachukua kijiti nikachokonoa katikati ya mapezi ya silinda chini ya plagi, yakadondoka mabonge ya tope lililokauka, yamekaa mle miezi na miezi. Upepo ungepita wapi? Baada ya tope angalia kama kabureta inabania petroli au kuna upenyo wa hewa kwenye ile raba inayounganisha kabureta na injini, mchanganyiko mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, unachemsha hedi (kichwa cha injini) kuliko huo mlima. Breki inayoshika, cheni iliyokazwa mno, klachi inayoteleza, oili iliyopungua, vyote hivyo vinaleta joto na rejeta haitibu hata kimoja. Hiyo nyutro ngumu mara nyingi ni klachi haiachii vizuri au oili imekuwa nyepesi, anza kwa kurekebisha kebo na kumwaga oili ya zamani, weka uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki na iwe na alama ya JASO MA au MA2 kwa ajili ya klachi inayoogelea kwenye oili.

Sasa tuseme umefanya yote hayo na kipimo bado kinapanda, mlima ule ule. Basi funga, ila ujue rejeta inategemea upepo wa mwendo, ukisimama kwenye foleni haikusaidii kitu. Na lazima iwe na themostati, kile kifaa kinachozuia oili isiende kwenye rejeta mpaka ipate moto. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanafunga bila themostati halafu safari za asubuhi oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, ukifungua kifuniko unakuta utando wa njano nyeupe kama mafuta ya kupaka. Yule mwenzako mwambie akafungue chake aangalie.

Kingine ni pale oili inapochukuliwa. Suzuki walipotoa GSX-R750 mwaka 1985 ikipozwa kwa oili, waliipa pampu ya vyumba viwili, kimoja cha kulainisha na kimoja cha kupoza hedi. Yako pampu ni moja ndogo ilipigiwa hesabu ya njia zilizopo, ukiiongezea mipira mirefu myembamba, hasa kwenye njia ya kupeleka oili juu kwenye kemshafti (ule mhimili unaofungua valvu), unaweza kuua kemshafti huku kipimajoto kinakuonyesha raha. Na mpira ukichubuliwa na chuma ukapasuka, oili inamwagika mbele ya tairi la nyuma wakati wewe una mzigo kwenye kona.

Kwa hiyo kaka hela yako ya kwanza inunue kipimajoto na oili mpya, kijiti cha mapezi ni bure. Panda mara tatu nne halafu niandikie namba ulizopata, na usisahau kuniambia ulikuwa gia ya ngapi maana nina wasiwasi unaulazimisha mlima na gia kubwa.