Je, nilipie waranti ya nyongeza kwa Subaru iliyotumika?

SWALI

Ndugu Mhariri, natumaini hamjambo. Nimeweka akiba kwa muda mrefu ili ninunue Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2009, yenye giaboksi ya mkono ya gia sita na injini ya lita 2.0 yenye turbo, na sasa nimeipata katika yadi moja hapa Kinondoni kwa shilingi milioni 42. Gari limetoka Japani na mita inaonyesha kilomita 96,000. Muuzaji ananishauri niongeze shilingi milioni 3.5 ili nipate waranti ya nyongeza ya miezi 12, inayotolewa na kampuni nyingine. Kijitabu kinasema kampuni hiyo italipa hadi milioni 4 kwa kila dai na si zaidi ya milioni 6 kwa mwaka mzima, na kwamba nitachangia shilingi 500,000 katika kila dai. Sevisi ifanyike kila kilomita 5,000 kwenye gereji waliyoichagua wao. Fundi wangu wa Ilala anasema injini iliyotumika ya gari hili, pamoja na kazi ya kushusha na kupandisha, inaweza kufika milioni 10. Mke wangu anasema tulipe ili tuwe na amani. Mimi nina wasiwasi. Nishauri tafadhali.

Msomaji, Tabata

JIBU

Ndugu yangu wa Tabata, kwa masharti uliyoyaeleza, ushauri wangu ni kwamba usiilipie waranti hiyo. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba gari unalolitaka linaweza kuharibika kwa gharama kubwa, na kwamba hofu ya mke wako ina msingi. Tatizo ni kwamba karatasi unayouziwa haiiondoi hofu hiyo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa umeniletea tarakimu zote. Tuseme injini imekufa kabisa mwezi wa tatu na bili imefika milioni 10. Kampuni italipa milioni 4, na ikiwa mchango wako unakatwa humo, kama ilivyo kawaida, utapata milioni 3.5. Hicho ndicho kiasi kilekile ulichotoa siku ya kununua, na milioni 6.5 zilizobaki utazitafuta mwenyewe. Ikitokea tena giaboksi imevunjika kabla ya mwaka kuisha, kilichobaki katika ukomo wa mwaka ni milioni 2, nawe utapata milioni 1.5 baada ya kukatwa mchango wa pili. Kwa hiyo ili ufaidike kwa shilingi milioni moja na nusu, ni lazima upate maafa mawili makubwa ndani ya miezi 12, na madai yote mawili yakubaliwe bila ubishi.

Hapo kwenye kukubaliwa ndipo penye uzito kuliko hesabu yenyewe. Waranti za namna hii karibu zote hukataa mambo manne: uchakavu wa kawaida, hitilafu iliyokuwapo kabla ya mkataba, gari lililoongezwa nguvu, na uharibifu uliotokana na matunzo mabaya. Kwa gari dogo la kwendea kazini masharti hayo hayaumizi sana. Kwa gari la michezo lililotumika, hayo manne ndiyo hasa njia ambazo magari haya hufia. STI ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kukanyaga mafuta, na wengi wa wamiliki wake huko Japani hubadilisha ekzosi, huongeza msukumo wa turbo, huingiza programu mpya katika kompyuta ya injini, kisha hurudisha vifaa vya asili siku ya kuuza. Wewe huwezi kuyajua hayo kwa kulitazama gari likiwa limeng'arishwa yadini. Mkaguzi wa kampuni, akiisha kufunguliwa injini iliyoharibika, atakuwa na sababu na muda wa kuyatafuta.

Chukua mfano wa mkanda wa taimingi, yaani ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Injini ya gari lako ni EJ20, ukoo wa injini ulioanza na Legacy ya mwaka 1989 na kuendelea katika STI za soko la Japani hadi mwishoni mwa mwaka 2019. Mkanda wake hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lako limefika 96,000 kwa mujibu wa mita. Mkanda ni kitu cha kuchakaa, hivyo haumo katika waranti. Lakini ukikatika, pistoni hugongana na valvu, na ndani ya sekunde moja unakuwa na injini ya kushushwa. Kampuni itakuuliza risiti ya kubadilisha mkanda, nawe usipokuwa nayo, dai la injini nzima litaangukia katika matunzo mabaya. Hali ni hiyohiyo kwa beringi za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu ya injini), ambazo huharibika injini ikikosa oili ya kutosha. Injini za turbo za ukoo huu zinaweza kula oili kidogo kidogo bila kutoa moshi wa kutisha, na mmiliki asiyechomoa kijiti cha kupimia kila wiki hujikuta amechelewa. Aidha, katika bomba la oili linaloelekea kwenye turbo huwa kuna kichujio kidogo chenye matundu madogo sana, ambacho kikiziba kwa uchafu wa oili iliyozeeka, turbo hukauka na kufa. Je, hiyo ni hitilafu ya ghafla au ni uchakavu? Mwenye kalamu ya kuamua ni yule atakayelipa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hulijua wakiwa wamechelewa. Kabla gereji haijafungua injini, mkataba hutaka kibali cha kampuni, na gharama ya kuifungua ili kuona kilichoharibika huwa juu yako hadi hapo dai litakapokubaliwa. Dai likikataliwa, utakuwa na injini iliyotawanywa mezani, bili ya kuitawanya, na gari lisilosogea, tena katika gereji uliyochaguliwa.

Wala usidhani kwamba maneno matamu ya muuzaji ni ugonjwa wa yadi zetu peke yetu. Mwezi Julai 2024 nchini Marekani, kampuni ya CarShield, inayouza mikataba ya aina hii, pamoja na mshirika wake, zilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kudai kwamba matangazo yao yaliwapotosha wateja kuhusu matengenezo yatakayolipiwa. Ikiwa hali ni hiyo mahali penye soko la miaka mingi la mikataba hii, sisi tuna kila sababu ya kuomba mkataba wenyewe, kurasa zote, na kwenda nao nyumbani kabla ya kutoa hata shilingi. Muuzaji anayekupa kijitabu chenye picha na kukuambia mkataba utaupata baada ya kulipa, ameshakujibu swali lako.

Sasa, hizo milioni 3.5 zifanye nini? Zianze kazi kabla hujalinunua gari. Mwombe muuzaji karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huonyesha daraja la gari na michoro ya sehemu zilizogongwa au kupakwa rangi. Herufi R katika sehemu ya daraja kwa kawaida humaanisha gari lilipata ajali na kutengenezwa. Omba pia cheti cha kusafirishia gari nje ya Japani, kwa kuwa hubeba kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi wa huko, nawe utazilinganisha na mita unayoiona leo. Kisha mlipe fundi anayezijua Subaru za turbo, asiye na uhusiano na yadi, apime kompresheni (nguvu ya kubana hewa) ya silinda zote nne, asikilize injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi kabisa, achomeke kompyuta, na alipandishe gari juu atazame chini yake. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, ondoka. Muuzaji akikataa gari lipimwe, ondoka mapema zaidi. Ukaguzi wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, usiuchukulie kama badala ya kazi hii, kwa sababu lengo lake ni usalama na ubora wa gari barabarani, na hauahidi kwamba ringi za pistoni zitadumu.

Gari likifaulu, tumia sehemu ya fedha hizo kubadilisha mkanda wa taimingi pamoja na roli zake na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, na kusafisha au kubadilisha hicho kichujio cha oili ya turbo. Fedha zinazosalia ziwekeni benki katika akaunti ambayo wewe na mke wako mnaijua, na muwe mnaongeza kidogo kila mwezi. Mwaka ukiisha salama, fedha ni zenu. Badilisha oili kila kilomita 5,000 au mapema zaidi, maana gari linalosimama katika foleni ya Mwenge au Ubungo saa nzima kwenye joto la Dar es Salaam linachosha oili bila mita kusogea. Hili nalisisitiza kwa moyo wote, kwa sababu wengi huhesabu kilomita na kusahau masaa.

Upande wa sheria, unao ulinzi fulani usiolipiwa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara wa bidhaa husika auze kitu chenye ubora unaokubalika na kinacholingana na maelezo aliyoyatoa, ingawa kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuilalamikia baadaye. Ndiyo maana nakusihi muuzaji aandike katika mkataba wa mauzo kwamba kilomita ni za kweli na kwamba, kwa ufahamu wake, gari halijaongezwa nguvu wala halijawahi kupata ajali kubwa. Iwapo maneno hayo yatakuja kuwa ya uongo, utakuwa na kitu cha kushika mkononi, na Tume ya Ushindani ni mahali pa kupeleka malalamiko kuhusu udanganyifu kwa mlaji. Tena, usichanganye waranti na bima kubwa: bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi, lakini injini iliyojifia yenyewe haimo.

Je, ipo waranti ambayo ningekushauri uilipie? Ipo. Ningekubali kama ukomo wa dai moja ungekaribia bei ya injini, kama turbo na giaboksi vingetajwa kwa majina miongoni mwa vinavyolipiwa, kama kampuni ingelikagua gari kabla ya kusaini na kuandika kwamba imelikuta zima, na kama ungeruhusiwa kutumia gereji yoyote yenye uwezo. Na kwa kuwa anayeahidi kulipa si yule aliyekuuzia gari, waulize TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima nchini, kama kampuni hiyo inatambulika kwao, kwa maana ahadi ya kubeba hasara ya mtu kwa malipo yanayotolewa mapema inakaribiana sana na bima. Rudi kwa muuzaji na masharti haya. Akikupa mkataba uliorekebishwa, niandikie tena, nitausoma.

SWALI

Shikamoo Mhariri. Kaka yangu aliyeko Uingereza ananitafutia Porsche Boxster ya mwaka 2007, na mwenye gari anasema bado lina waranti ya Porsche. Je, itanisaidia nikilileta Dar es Salaam?

Msomaji wa kike, Mbezi Beach

JIBU

Marahaba, mwanangu. Porsche huko Uingereza huuza waranti hata kwa magari yaliyotumika, kwa ukomo wa umri wa miaka 15, na gari hukaguliwa kwanza. Gari la mwaka 2007 limeshauvuka umri huo, kwa hiyo dai la mwenye gari lenyewe linahitaji kuthibitishwa kwa maandishi. Hata ingekuwa hai, mkataba kama huo huwa na mipaka ya nchi ambamo matengenezo yatalipiwa, na gari likishasajiliwa Tanzania usitarajie kitu.

Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni beringi ya shafti ya kati ya injini. Ikivunjika, huharibu injini yote. Huko Marekani wamiliki waliishtaki Porsche kwa pamoja kuhusu magari ya 2001 hadi 2005, na shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2013. Injini za 2006 hadi 2008 zilipewa beringi kubwa zaidi, ambayo husumbua mara chache, lakini haiwezi kutolewa bila kuipasua injini. Kuanzia magari ya mwaka wa modeli 2009 shafti hiyo haipo tena. Kama bajeti inaruhusu kusogea hadi hapo, sogea. Tofauti ya bei itakufaa kuliko waranti yoyote utakayouziwa hapa. Ikishindikana, mwambie kaka yako, kabla hajalipa, oili imwagwe na filta ipasuliwe kutafuta chembe za chuma.

SWALI

Nikiuza gari langu kabla waranti ya nyongeza haijaisha, huenda na gari au hubaki kwangu?

Msomaji, Kigamboni

JIBU

Inategemea mkataba. Baadhi huruhusu kuhamisha kwa mnunuzi binafsi kwa ada ndogo na taarifa ndani ya siku zilizotajwa, lakini hufutika ukimuuzia mfanyabiashara wa magari. Mingine hufa siku kadi ya gari inapobadilishwa jina. Tafuta kifungu kinachohusu uhamisho, na kingine kinachoeleza kama ukivunja mkataba mapema utarudishiwa sehemu ya fedha. Peleka taarifa yako kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri wao.