Mwanangu, waliokalishwa na kodi

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema uliingia klabu ya jazz hapo New York, watu wamekaa kimya kama wako ibadani, hanyanyuki mtu, na unaniuliza, "Baba, si ulituambia jazz ni mziki wa kucheza? Nani aliwakalisha hawa?" Nikaona hili voisi haitatosha.

Sikukudanganya. Huku kwetu bendi tuliziita Jazz, Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, na hakuna aliyelipa kiingilio ili akae. Mama yako nilimjua kwa viatu, soli ya kulia imelika kuliko ya kushoto kwa kuzungukia mguu mmoja. Harlem, mtaa wa weusi hapohapo New York, nako ilikuwa hivyohivyo. Ukumbi wao wa dansi, Savoy Ballroom, ulikuwa na steji mbili, bendi hii ikimaliza ile inadaka hapohapo, mziki haukatiki, na weusi na wazungu wanacheza sakafu moja wakati jeshi lao lenyewe bado linawatenganisha.

Ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Marekani iliingia Desemba 1941, wapiga tarumbeta wakachukuliwa jeshini, petroli na matairi vikawa vya mgao, sasa bendi ya watu 15 itazungukaje mikoani? Agosti 1942 chama cha wanamuziki nacho kikagoma kurekodi, kinadai malipo ya santuri. Lakini usidhani watu waliacha kutoka, hapana, wa viwandani walikuwa na hela na mwanajeshi wa likizo alitaka usiku mmoja wa kusahau anakopelekwa, kumbi zilikuwa zinajaa, ndo maana yaliyofuata yananiuma mpaka leo.

Aprili 1943 Savoy ikafungwa, eti wanajeshi wanaambukizwa magonjwa ya zinaa pale. Wengi Harlem hawakuamini, walisema kinachowakera wakubwa ni watu wa rangi mbili kushikana mikono. Mimi niko upande wao. Ilikaa miezi 6 imefungwa.

Sasa jibu lako hasa. Aprili 1944 serikali ikaweka kodi ya vita ya asilimia 30 kwenye klabu, na siyo kwa kiingilio tu mwanangu, kwa bili nzima, chakula na kinywaji, umekula dola 10 unaongeza 3. Julai wakashusha ikawa 20. Ila mahali panapopigwa mziki wa vyombo tu, pasipo mwimbaji wala watu kucheza, kodi hakuna. Jiweke wewe ndo mwenye klabu. Mwimbaji unamuondoa, pale pa kuchezea unapanga meza, bendi kubwa unaiaga, unabaki na piano, besi, dramu na saksafoni moja, basi. Vita ikaisha 1945, kodi ikabaki, haikufutwa kabisa mpaka 1965! Mtu aliyezaliwa 1944 alishafika miaka 20 na kodi bado ipo.

Lakini nisiwaonee wanamuziki. Pale Minton's, klabu ya Harlem mtaa wa 118, akina Thelonious Monk, Kenny Clarke, Dizzy Gillespie na Charlie Parker walishaanza kupiga vingine kabla ya kodi, mwendo wa kasi, dramu inakatiza pale usipotegemea, mguu unatafuta pa kukanyaga haupaoni. Walitaka wasikilizwe, na walistahili. Wao waliuumba ule mziki kwa hiari yao, kodi ikauachia nafasi kwa kuwaondoa wachezaji sakafuni. Kwa hiyo ule ukimya ulioukuta klabuni una heshima ndani yake, sikatai, ila una bili ya vita pia.

Jumapili ukipata nafasi nenda Lenox Avenue, kati ya mtaa wa 140 na 141. Savoy ilifungwa 1958 na wakaibomoa 1959, sasa ni majengo ya makazi, ila kuna kibao cha kumbukumbu. Kipige picha unitumie, nataka kumuonyesha mama yako. Anakusalimia sana, na anauliza kama lile koti zito unalivaa.

Baba yako