Ganda la Mzinga Lenye Chapa ya 1943: Je, Ni la Kijerumani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Leicester, Uingereza, na nimeanza kukusanya masalia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Katika gulio la Jumapili nilinunua ganda la shaba la mzinga wa kupigia vifaru, likiwa bado na kichwa chake. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni la Kijerumani, liliokotwa El Alamein kule Misri, na halina kitu ndani. Mdomo wake una kipenyo cha milimita 57, urefu wa ganda ni milimita 441, na kitakoni pamepigwa chapa ya «6 PR 7 CWT», mshale mdogo na mwaka 1943. Je, maelezo yake ni ya kweli? Na ninaweza kusafiri nalo kwa ndege nikampelekee mjomba wangu Mombasa?

JIBU: Ndugu msomaji, vipimo ulivyoandika vinatosha kujibu swali lako la kwanza: ganda hilo ni la Kiingereza. Mshale ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na «6 PR» ni mzinga wa ratili sita, ulioitwa hivyo kwa uzito wa risasi yake. «7 CWT» ni uzito wa mtutu wenyewe, takriban kilo 350, na uliandikwa ili kuutofautisha na mizinga mingine ya ratili sita, hasa ile ya zamani ya manowari. Umefanya vyema kupima urefu pia, maana kipenyo peke yake hudanganya: mzinga wa Kisovieti wa ZiS-2 nao ulikuwa wa milimita 57, lakini ganda lake lina urefu wa milimita 480. Mzinga wa Kijerumani uliokaribiana nao, Pak 38, ulikuwa wa milimita 50, na maganda mengi ya Kijerumani ya miaka ya mwisho ya vita yalitengenezwa kwa chuma, yakapigwa herufi «St», kwa sababu shaba ilikuwa adimu.

Habari ya El Alamein haisimami. Mizinga ya ratili sita ilikuwepo huko kweli, ila vita hivyo vilimalizika mwanzoni mwa Novemba 1942, na ganda lako lilitengenezwa mwaka uliofuata. Hata lingekuwa na chapa ya 1942, hilo lisingethibitisha lilipofyatuliwa, kwa kuwa maganda yaliyotumika yalirudishwa viwandani yakajazwa tena. Maganda ya Kiingereza yana desturi ya kugeuka kuwa ya Rommel, jemadari wa Kijerumani, yakifika mezani kwa muuzaji, pengine kwa sababu bei hupanda.

Sasa kichwa, ambacho ndicho kinachonitia wasiwasi. Chapa za kitakoni zinaeleza ganda tu. Kichwa kinaweza kuwa kimechomekwa miaka mingi baadaye. Risasi nyingi za Kiingereza za kutoboa vifaru zilikuwa chuma kitupu, zikiwa na dawa kidogo ya kuacha mwanga kwa nyuma, lakini mzinga huohuo ulipiga pia makombora yenye vilipuzi, na risasi ya Kijerumani iitwayo Pzgr. 39, ingawa ni ya kutoboa chuma, ilibeba kilipuzi na fyuzi, yaani kifaa cha kukilipua, kitakoni mwake. Tazama mkanda wa shaba nyekundu unaozunguka kichwa. Ukiwa na michirizi ya mshazari, kichwa hicho kimekwisha kupita mtutuni, na kama kilikuwa na fyuzi, huenda imekaa tayari kulipuka. Fataki, yaani kiwashio cha baruti ya ganda, iliyobonyea katikati ya kitako nayo si ushahidi wa kutosha, kwani huenda ilipigwa isiwake. Ushahidi mzuri zaidi wa ganda tupu ni tundu la fataki lililo wazi.

Usikifungue kichwa, usikitoboe wala kukipasha moto ili kujua kilichomo. Mwombe muuzaji cheti kinachothibitisha kwamba hakina vilipuzi, na akishindwa kukitoa, kiache kichwa hicho kilipo, watoe watu chumbani, kisha upigie polisi simu namba 999, nao watawaita wataalamu wa jeshi. Usikibebe kukipeleka kituoni.

Kuhusu safari, jibu ni hapana, hata ukiwa na cheti. Mashine za ukaguzi huona umbo la kombora, na kanuni za viwanja vya ndege vya Uingereza hukataza hata vilipuzi vya kuigiza, katika mizigo ya mkononi na ya chini. Mpelekee mjomba picha kubwa ya kitako, iliyopigwa mwanga ukitokea ubavuni ili chapa zisomeke, na usilisugue ganda kwa steliwaya kabla ya kupiga, kwa sababu hufuta maandishi ya rangi, nayo hayarudi.