Gia za Myford kuukuu: za moduli 1.25 zitafaa?

SWALI: Assalaamu alaykum fundi. Mimi ni mkereza vyuma wa Wete, Pemba. Nimenunua lethi ya zamani ya Kiingereza, Myford ML7, isiyo na giaboksi ya thredi. Gia za kubadilisha, zile za kuchagulia thredi ya kukata, nilizopewa nayo ni 20 mbili, 25, 30, 35, 40, 45, 50 na 60. Ya 38 imevunjika jino, ya 55 haipo kabisa. Kazi zangu ni shafti za boti na viungo vya mabomba ya maji. Muuzaji mmoja wa Kariakoo anasema gia za moduli 1.25 ni sawasawa na zangu. Ninunue? Na thredi za milimita nitazikataje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hongera kwa mashine. ML7 ikitunzwa inamfaa mtu maisha yake yote. Kuhusu gia, subiri kidogo kabla hujatuma pesa. Muuzaji hajakudanganya kwa makusudi, maana meno hayo ukiyatazama kwa macho hayana tofauti. Lakini si sawasawa, na ukiyachanganya ovyo utakula meno ya gia nzima ulizonazo.

Gia zako zimekatwa kwa kipimo cha inchi kinachoitwa DP, na zako ni DP 20: meno 20 kwa kila inchi ya kipenyo cha kazi, yaani duara ambalo gia mbili zinakutania, si ncha za meno. Moduli inahesabu kinyume chake, milimita ngapi za kipenyo hicho kwa kila jino. Gawa 25.4 kwa 20 upate 1.27. Basi jino lako ni kama moduli 1.27, na la muuzaji ni 1.25. Tofauti hiyo ndogo ingevumilika kidogo kama si jambo la pili: pembe ya mgandamizo, yaani mlalo wa ubavu wa jino pale linaposukuma jenzake. Myford walitumia nyuzi 14.5. Gia nyingi za moduli zinazouzwa siku hizi ni nyuzi 20. Mbili hizo zikikutana, jino moja linamkabidhi mwenzake kazi kwa kishindo. Utasikia mlio, utaona unga wa chuma chini ya gia, na thredi yako itatoka na mawimbi.

Kwa hiyo pima, na upime gia zote, hata hizo ulizopewa na mashine. Lethi ya miaka mingi imepita mikono mingi, na si ajabu kukuta gia moja ya kuazima humo ndani. Zioshe kwanza kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Kutu yetu ya hewa ya bahari inadanganya venia, kile kipimio cha taya mbili. Kisha chukua ile ya meno 60, upime ncha kwa ncha. Kanuni ni meno jumlisha 2, gawa kwa DP. Kwa DP 20 ni inchi 3.1, sawa na mm 78.74. Kwa moduli unazidisha: 62 mara 1.25 ni mm 77.5. Zaidi ya milimita moja, huwezi kukosea. Ndiyo maana nakwambia uanze na kubwa. Kwenye gia ya meno 20 tofauti haifiki hata nusu milimita, na ncha zikiwa zimelika hujui lipi ni lipi.

Pembe nayo inapimika kwa venia hiyo hiyo, na mafundi wengi hawalijui hili. Shika gia ya 40, bana venia juu ya meno manne kwa ubavu, si kwa ncha, andika. Halafu bana meno matano, andika. Toa dogo katika kubwa. Ukipata kama mm 3.86, hiyo ni DP 20 ya nyuzi 14.5, jamaa ya Myford. Ukipata 3.75 ni DP 20 ya nyuzi 20. Ukipata 3.69 ni moduli 1.25 ya nyuzi 20. Uzuri wake ni kuwa ulikaji wa jino, ukiwa wa sawasawa, unajifuta wenyewe katika kutoa. Rudia pahala patatu kuzunguka gia, uchukue wastani.

Sasa tuje kwenye kununua. Kanuni ni kuwa gia zinazogusana meno lazima ziwe za aina moja. Lakini gia mbili zinazokaa pamoja kwenye pini moja hazigusani meno, zinazunguka pamoja tu, kwa hiyo kila moja inaweza kuwa na kipimo chake. Hapo ndipo gia za muuzaji wako zinapopata kazi, na jibu la thredi za milimita limo humo humo.

Skurubu ndefu ya ML7, ile inayokokota kitoroli kilichobeba kisu, ina thredi 8 kwa inchi. Ili ikate milimita kamili vitabu vinataka gia ya meno 127, kwa sababu 127 gawa kwa 5 ni 25.4. Gia hiyo kwa DP 20 ina kipenyo cha karibu mm 164, nayo ni ghali na inasumbua kuenea. Mimi nakushauri ununue jozi, 63 na 80, zote mbili za moduli 1.25 na za pembe moja. Weka 80 kwenye skurubu ndefu, 63 iisukume, na 63 ishikane kwenye pini moja na gia yako ya 50. Gia ya juu inayosukuma 50 ndiyo utakayobadilisha: 20 inakata milimita 1, 25 inakata 1.25, 30 inakata 1.5, 35 inakata 1.75, 40 inakata 2. Basi umepata thredi za kawaida za M6, M8, M10, M12 na M16. Kosa lake ni karibu mm 0.013 katika urefu wa mm 100, ambalo nati haitalihisi. Kabla ya kulipia, kata duara mbili za kadibodi, mm 81 na mm 102.5, uone kama zinaenea kwenye mkono wa gia, ule unaobeba pini zake. Matundu utayapanua kwa kukereza, na unene wa gia uushushe hadi inchi 3/8 kama za zamani. Mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga gia isizunguke peke yake, ukate kwenye lethi hiyo hiyo: funga kisu pembeni, zima mota, sukuma kitoroli kwa mkono mbele na nyuma, kila safari ukila kidogo kidogo.

Hizo 38 na 55 ni habari nyingine. Zitagusana na gia zako za zamani, kwa hiyo ziwe DP 20, nyuzi 14.5, bila mjadala. Nazo ni muhimu kwako wewe khasa, mtu wa mabomba. Bomba la robo inchi na la 3/8 lina thredi 19 kwa inchi, na bila 38 hulikati: 20 isukume 38, kisha 40 isukume 50. Bomba la inchi moja kwenda juu lina thredi 11, nalo linataka 40 kwa 55. Nusu inchi na 3/4 ni thredi 14, na hizo unazo tayari kwa 20 na 35.

Ya 38 usiitupe. Jino moja lililovunjika kwenye gia ya kubadilisha linatengenezeka, mzigo wake si mkubwa. Pasha gia nzima moto, jaza kwa fimbo ya shaba na boraksi, iache ipoe polepole ndani ya majivu, kisha piga tupa kwa kufuata kigezo ulichokikata kwa jino la jirani. Ya 55 agiza Uingereza. Jina la Myford lilinunuliwa na RDG Tools mwaka 2011 na vipuri bado vinauzwa. Kuikata hapa inawezekana. Ulizia mafundi wa karakana ya Taasisi ya Karume pale Mbweni, Unguja, kama mashine yao ya milingi ina kichwa cha kugawia, yaani kifaa cha kuigawa duara sehemu sawasawa. Kichwa cha 40 kwa 1, ambacho mpini wake huzunguka mara 40 gia ikizunguka mara moja, kinataka usogeze mpini matundu 24 kwenye duara la matundu 33 kwa kila jino. Lakini visu vya gia hupewa namba kwa idadi ya meno: cha 55 ni namba 2, cha 38 ni namba 3, na kununua visu viwili kwa gia mbili ni hasara.

Ukishazifunga, pitisha ukanda wa gazeti kati ya meno, sukuma gia zishikane, kaza, kisha toa karatasi. Hiyo ndiyo nafasi inayotakiwa. Na unapokata milimita usifungue nusu-nati, ile inayokishikiza kitoroli kwenye skurubu ndefu, hata mara moja. Rudisha kitoroli kwa kugeuza mota kinyumenyume, mpaka thredi ikamilike, kwani ukiifungua, kisu hakitaingia tena kwenye njia yake.