Lami Mpya, Shimo Lilelile

SWALI: Mhariri, halmashauri ya mji wetu mdogo imeziba shimo moja mara tatu, na kila mara lami hutitia tena. Je, ni uzembe wa mafundi?

JIBU: Huenda mafundi hawana hatia. Bomba la majitaka likipasuka chini ya barabara, udongo hupenya kwenye ufa na kusombwa kidogo kidogo, hadi lami inabaki imening'inia juu ya uwazi. Mwombe fundi afunue chemba iliyo jirani (usiifunue mwenyewe, gesi yake huua): mchanga uliotuama humo ni dalili kubwa. Bomba likaguliwe kwa kamera na kukarabatiwa kwanza, ndipo lami iwekwe, ingawa kwa bahati mbaya shimo linaloonekana ndilo hupata fedha mapema.