Usilipie nyumba Virar kabla hujapanda treni yake

Juzi mama mmoja wa Tanga aliniandikia. Binti yake amepata nafasi ya shahada ya pili Mumbai, chuo kiko mtaa wa Andheri, na dalali amemtumia picha za nyumba Virar, mbali kaskazini mwa jiji: chumba safi, vigae vyeupe, kodi haifiki nusu ya anayoombwa Andheri. "Dada, wewe ulikaa huko. Achukue?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, kisha nikaona heri niandike. Swali hili naulizwa kila mwaka, na kila mwaka kuna vijana wetu wanaopanda ndege kwenda India na picha za vigae vyeupe kwenye simu.

Nilikaa Virar miaka miwili, 2016 hadi 2018. Karo yangu ilikuwa na mfadhili. Kula na kulala vilitoka kwa mama, anayeuza mahamri na mbaazi Likoni, Mombasa, kwa hiyo kila rupia niliyoitumia nilijua imekandwa alfajiri na mikono ya nani. Andheri niliambiwa rupia 9,000 kwa kitanda kimoja katika chumba cha wasichana wanne. Virar nilipata chumba na jiko, peke yangu, kwa 5,500. Nikapiga hesabu ya rupia, nikafurahi. Hesabu ya saa sikuipiga.

Virar iko kaskazini mwa Mumbai, kilomita 60 hivi kutoka Churchgate, kule kusini reli inakoishia. Ukitoka Andheri kwenda kaskazini, baada ya Borivali unapita Dahisar, Mira Road na Bhayandar, treni inavuka mkono wa bahari juu ya daraja refu, halafu Naigaon, Vasai Road, Nalasopara, ndipo Virar. Ukishavuka yale maji, bei za nyumba zinashuka, na hiyo ndiyo siri yote ya mji ule. Treni imekuwa ikiteremsha watu wa Virar mjini tangu 1867, lakini kwa muda mrefu palikuwa mahali pa migomba, mitambuu na vijiji vya wavuvi. Wenyeji wazee waliniambia mambo yalibadilika baada ya viwanda vya nguo vya katikati ya Mumbai kudhoofika, hasa baada ya ule mgomo mkubwa wa 1982. Familia za wafanyakazi hazikuweza tena kodi za mjini, zikasogea kaskazini kituo baada ya kituo. Mwaka 2009 Vasai, Nalasopara, Virar na jirani zake zikaunganishwa kuwa manispaa moja, Vasai-Virar, na sensa ya 2011 ikahesabu watu zaidi ya milioni 1.2. Nilipofika mimi, upande wa mashariki wa reli ulikuwa ghorofa kwa ghorofa, na palipobaki wazi palikuwa na bango la ghorofa nyingine.

Upande wa magharibi ni habari tofauti, na niseme wazi kwamba niliupenda. Ukichukua tuktuk ya abiria wa kuchangia kuelekea ufuo wa Arnala, minazi inaanza, migomba inaanza, nyumba zina baraza, na harufu ya samaki wanaoanikwa inakupokea kabla hujaiona bahari. Siku ya kwanza nilikaa pale mchangani nikalia. Jumapili moja nilienda ngome ya Vasai. Wareno waliishika tangu 1534 mpaka Wamaratha, watawala wa Kihindi wa eneo lile, walipowang'oa 1739. Mimi nimekua naiona Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, na tulifundishwa shuleni jinsi Waomani walivyoitwaa 1698 na jinsi msaada wa Wareno ulivyokuwa ukitoka Goa. Kusimama mbele ya ukuta wa watu walewale, umeota mizizi ya miti, kanisa bila paa, kulinifanya nihisi kwamba bahari hii ni moja na mimi si mgeni sana kama watu wa jengo langu walivyotaka nijione.

Na lugha pia ilinisaidia. Treni wanaiita gadi. Fedha ni paisa. Mwenye nyumba aliposema dipoziti ni nusu "lakh" sikuhitaji mkalimani, kwa sababu laki ni laki. Ila dalali, neno letu la kawaida kabisa, kwao limeshika harufu ya tusi. Mwite broka. Mimi nilimwita dalali mbele ya mkewe, na sura yake ilibadilika pale pale.

Sasa hiyo dipoziti. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa mashariki, ghorofa ya tatu, rangi bado inanuka. Nililipa rupia 50,000 taslimu, pamoja na kodi ya mwezi mmoja kwa broka, tukaandikishana mkataba wa miezi kumi na mmoja kama ilivyo desturi kule. Sheria ilimtaka anayempangisha mgeni wa nje amwandikishe mtandaoni ndani ya saa 24, kwa fomu iliyoitwa wakati ule Fomu C, na mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 alitakiwa kujiandikisha ndani ya siku 14 tangu afike. Mwenye nyumba alisema kesho. Kesho ikawa wiki. Nilipombana, akaniambia hawezi kujaza chochote, jengo lina "mambo ya karatasi." Maana yake ni kwamba lilikuwa limejengwa bila kibali. Halafu kamati ya wakazi ikakaa kikao ngazini, nje ya mlango wangu, kujadili kama mimi ninafaa kubaki. Sauti ya mwanamume ikasema Waafrika wanaleta polisi. Polisi niliokuwa nikiwatafuta mimi mwenyewe ili nijiandikishe! Niliondoka baada ya wiki mbili. Zile 50,000 sikuziona tena. Nimeshasamehe mengi katika maisha yangu, hilo bado linanikaa kooni, kwa sababu ni mahamri mangapi yale?

Ndiyo maana nawaambia: ulizia karatasi za jengo. Usione haya. Uliza kama lina kibali cha manispaa cha watu kukaa, na kama mwenye nyumba atajaza fomu ya kuandikisha mgeni siku hiyohiyo, mbele yako, kabla ya kumpa hela. Akisema kesho, shika begi lako. Mwisho wa 2024 na mwanzo wa 2025 majengo 41 ya Nalasopara Mashariki yalibomolewa kwa amri ya Mahakama Kuu ya Bombay, kwa kuwa yalijengwa kinyume cha sheria kwenye ardhi iliyotengewa shughuli za umma. Humo mlikuwa na familia zilizonunua kwa akiba ya maisha. Nilipoona picha za watu na masufuria yao barabarani, nilimpigia mama simu. Sikusema neno, nilitaka tu kumsikia.

Lakini ya nyumba ni madogo. Treni ndiyo mtihani.

Mimi ni mtoto wa Likoni. Msongamano wa feri nimezaliwa nao, na nilidhani hakuna umati wa kunitisha. Jioni yangu ya kwanza Andheri, saa moja kasorobo, ubao wa jukwaani ulionyesha V na F: Virar, ya haraka, isiyosimama vituo vyote. Treni ikaingia imejaa tangu Churchgate, wanawake wananing'inia kwenye mlango wa behewa la wanawake. Nilisogea na kusema samahani kwa Kiingereza. Treni iliondoka bila mimi. Ikaja ya pili, ikaondoka. Ya tatu nilifikisha mguu mmoja ndani, kiatu cha mguu wa pili kikabaki jukwaani. Mama mmoja mwenye sare ya nesi akanidaka kifundo cha mkono, akanivuta hadi uso wangu ukagusa bega lake, akauliza neno moja: "Kidhar?" Unaenda wapi. Nikasema Virar. Akageuza kichwa na kuwatangazia wenzake, "Virarwali hai," huyu ni wa Virar. Na wale wanawake, ambao sekunde moja nyuma walikuwa ukuta, wakajibana nikapata pa kusimama.

Baadaye ndipo nilielewa. Treni ya Virar ina wenyewe. Anayeshuka Borivali au Mira Road akipanda humo anakula nafasi ya anayekwenda mbali, ilhali ana treni zake, na watamzibia mlango asishuke. Kwa hiyo "Kidhar?" ni swali zito. Ni swali la kiti pia: ukiingia unawauliza waliokaa wanashuka wapi, mmoja akisema Bhayandar, kiti hicho umeshakipata, mwingine hakigusi. Benchi la watu watatu hukaliwa na wa nne, nusu paja hewani. Asubuhi watu wa Nalasopara hupanda kwanza treni inayorudi Virar, kituo kimoja nyuma, ili ikigeuka wawe wameketi. Hakuna ubao unaokufundisha haya. Nilifundishwa na yule nesi na kundi lake, waliokuwa wakipanda behewa moja, mlango mmoja, kila siku. Jioni walimenya njegere na kuchambua majani ya uwatu mapajani ili wakifika nyumbani sufuria iende jikoni moja kwa moja. Muuza hereni alipita katikati yetu na ubao wake sijui kwa muujiza gani. Waliniita tai, yaani dada kwa Kimarathi. Mimi kwetu tai ni ndege, na nilipowaeleza walilipenda hilo jina mara mbili zaidi.

Kusoma nilisomea humo. Kwenda na kurudi, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa darasa, nilitumia karibu saa nne kwa siku. Nilisoma nimesimama, makala nimezipiga picha kwenye simu, mkono mmoja kwenye kishikio. Wenzangu waliokaa Andheri walikuwa wamelala saa hizo. Nilimaliza nikiwa wa pili darasani. Nalisema hili kwa sababu kuna mhadhiri aliniambia muhula wa kwanza kwamba mtu anayeishi Virar hawezi masomo haya. Niliweza.

Ila nisiwadanganye kwamba uwezo unatosha. Julai 2018 mvua ya masika yao ilipiga siku kadhaa mfululizo. Reli ya Nalasopara ikafunikwa na maji, treni za Virar zikasimama, umeme ukakatika. Tarehe 10 nilikuwa na utetezi wa tasnifu yangu saa tano asubuhi. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa magotini, begi nimelibeba kichwani kama ndoo. Nilifika kituoni nikakuta watu mamia wamekaa jukwaani na matangazo yanarudia maneno yaleyale. Simu ikazima saa tatu. Chuoni waliandika kwamba sikutokea. Nafasi nyingine nilipewa Septemba, viza yangu ikahitaji kuongezwa, tiketi ikabadilishwa, na mama akakopa kwenye chama chake. Jumlisha yote hayo, weka na ile dipoziti, uone kama nilikuwa nimeokoa kitu kwa kukimbia kodi ya Andheri. Nimejumlisha mara nyingi. Sikuokoa.

Ndugu zangu, tunapenda sana kusifiana kwa kuvumilia. Mtoto akilala njaa nchi ya watu tunasema anajikaza. Mzazi, kama una uwezo wa kuongeza kidogo mwanao akae karibu na chuo, ongeza, hasa mwaka wa kwanza. Kama huna, na wengi hatuna, basi Virar si aibu, na mji ule utampokea kwa namna yake. Lakini apande treni kwanza. Narudia hili kwa sababu ndilo ambalo hakuna broka atakayemwambia: atampeleka kuona nyumba saa sita mchana, behewa tupu, upepo dirishani, aone safari ni raha.

Mama wa Tanga, nimekusikia kwamba muda ni mfupi. Binti afike wiki mbili kabla ya masomo, akae hosteli yoyote Andheri. Siku tatu mfululizo asimame jukwaani saa moja kasorobo jioni, apande ya Virar yenye herufi F, behewa la wanawake, begi alivalie mbele. Asubuhi yake ajaribu kurudi. Akate pasi ya mwezi ya daraja la pili, mwanafunzi hupata punguzo, ila abebe barua ya chuo. Akifika kwenye jengo aulize maji ya bomba yanakuja siku ngapi kwa wiki na lori la maji analipa nani, kwa sababu hilo nalo lilinikuta. Baada ya siku tatu aamue mwenyewe, si wewe wala si mimi. Na mlangoni wakimuuliza "Kidhar?", asijibu kwa samahani. Ajibu Virar, kwa sauti.